Kasha la Dini na Kasha la Dunia

Mimi nikianza kumsimulia mama yangu sikai chini. Mwanangu huniambia, "Mama, kaa, utamwaga chai." Simwagi! Na hata nikimwaga, chai itachemshwa nyingine, lakini habari hii huwezi kuisimulia umekaa kama mgonjwa anayengoja dawa.

Mama alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kwanza cha chapa mjini kwetu. Watu walimwita Kinyumenyume. Herufi zenyewe zilikuwa vipande vidogo vya madini ya risasi, kila kimoja na herufi yake, navyo hutengenezwa vikiwa vimegeuka ili vikigandamizwa kwenye karatasi maandishi yatoke sawa. Mtu wa kawaida akitazama ubao uliopangwa herufi haambulii kitu. Mama alikuwa anausoma mbio, miguu juu kichwa chini, huku anaongea na mtu mwingine. Ukimpa gazeti lililokaa sawasawa alilipindua kwanza. Natia chumvi kidogo. Kidogo tu!

Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mnukuzi. Kazi yake ilikuwa kunakili kitabu cha sala kwa mkono, kwa kalamu na wino, kuanzia jalada hadi jalada. Kitabu kimoja kilimla miezi. Akikosea neno moja hafuti, anachana ukurasa mzima na kuanza upya, na siku hiyo nyumbani hakuna anayemsemesha. Kosa kwake lilikuwa kama mchanga kwenye wali. Mji mzima ulimheshimu kwa hilo, na katika nyumba ya ibada alikuwa na mahali pake mstari wa mbele, hapakaliwi na mwingine hata awe nani.

Lakini vitabu vyenyewe vilikuwa na nani? Nyumba ya ibada ilikuwa navyo, na matajiri wachache, basi. Wengine wote walisali kwa kusikia, na kile ambacho hawakukisikia vizuri walijitungia. Jirani yetu mshona viatu alisali maisha yake yote kwa maneno ambayo hayamo popote, na alikuwa anasali kwa sauti!

Ndipo mashine ikaja. Ililetwa vipande vipande kwenye mkokoteni, chuma kitupu, ikaungwa ndani ya ghala kuukuu la nafaka. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja mfupi, mchekeshaji, aliyeitwa Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata tangu watu wamjue. Kitu cha kwanza alichotangaza ni kwamba atachapa kitabu cha sala, na kila nyumba itakuwa nacho.

Weee! Babu alifura. Alisimama mbele ya waumini wote akasema, "Nisikilizeni. Mkiandika kwa mkono, neno likishakaa kwenye karatasi limekaa. Lakini hawa wakimaliza kuchapa wanazibomoa herufi zao, wanazirudisha kashani, kesho wanazipanga tena. Herufi iliyobeba jina la Mungu asubuhi, jioni ibebe bei ya sabuni? Kesho kutwa ibebe matusi?"

Kiongozi wa dini naye akaitikia kwa kichwa, akasema mzee amenena. Ikawa mabishano wiki nzima, mpaka Wino, aliyekuwa ameshalipia mashine na hana pa kuirudisha, akaja na lake. "Basi nitaweka makasha mawili. Kasha la dini na kasha la dunia. Herufi za hili hazigusi za lile. La dini mlifunge kwa mnyororo, mtie muhuri wenu, na ufunguo akae nao mtu mnayemwamini."

Wote wakageuka kumtazama babu. Alikuwa amejinasa mwenyewe! Aliapa pale pale, mkono juu ya kitabu alichokinakili mwenyewe, kwamba herufi za kasha la dini hazitachapa neno lolote lisilo sala maadamu yeye yu hai. Akavaa ufunguo shingoni. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kumwagiza vitabu vya mkono, Wino akampa kazi ya kusoma karatasi za majaribio na kusaka makosa. Babu aliikubali huku ananuna, kisha akaipenda kufa. Kusaka makosa na kupewa mshahara, angetaka nini tena?

Mama alikuwa msichana, akimpelekea baba yake chakula cha mchana. Akisubiri sahani alichungulia. Akichungulia aligusa. Wino akamwambia, "Wewe binti, vidole vyako vina haraka, hebu panga huo mstari." Akapanga. Hakurudi nyumbani mpaka jioni, na sahani aliisahau kule kule. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtoa, ila alikuwa na sheria moja ya baba yake: kila akitoka kasha moja kwenda jingine ananawa mikono, kwa beseni tofauti na kitambaa tofauti. Alinawa mpaka ngozi ikachubuka.

Nyie hamjui ilikuwaje vitabu vilipotoka! Mshona viatu alinunua chake, akajifunza kusoma kwa binti yake, herufi moja moja, mpaka akafika kwenye sala aliyoizoea. Alitoka nje mbio na sindano ya kushonea bado iko mdomoni. "Jamani! Miaka yote hii nilikuwa namwambia Mungu vitu gani?" Mtaa mzima ulicheka mpaka ukalia. Muuza maziwa, mama mmoja asiyejua kunong'ona, alimsimamisha kiongozi wa dini katikati ya ibada. "Samahani mzee, hapo umeruka mstari." Watu wakashika midomo. Mzee akatazama kitabu chake, akarudia. Alikuwa ameruka kweli! Na kasha la dunia nalo halikulala: likatoa gazeti la ukurasa mmoja, bei za sokoni, waliofariki, mbuzi waliopotea. Kwa kinyozi mtu alikuwa ananyolewa nusu, ananyang'anywa kiti, anayejua kusoma anakalishwa asomee wenzake, na yule wa nusu naye anasimama kusikiliza na povu lake.

Mama alisema ilikuwa kama mji umefunguliwa madirisha. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kwenda kazini.

Sasa sikilizeni. Sheria ya mji ilisema baraza likitaka kutoa ardhi kwa mtu, lazima lichapishe tangazo na kulibandika, na wenye kupinga waje siku ya kikao. Asiyekuja amekubali. Basi siku moja karani wa baraza akaja kiwandani na karatasi iliyokunjwa. "Nichapieni hili. Nakala chache tu, mbili tatu zinatosha. Tunabandika ndani ya mlango wa ofisi."

"Ndani ya mlango?" Wino akauliza. "Nani ataliona?"

"Sheria inasema tubandike," karani akasema, "haisemi wapi." Akaenda zake, akisema atazifuata mchana.

Mama akasimama kwenye kasha la dunia, akaanza kupanga. Mkono ulikuwa unakimbia wenyewe, mpaka ghafla ukasita. Aliutazama mstari aliokuwa ameupanga, umegeuka vile vile, na kwenye mstari ule akausoma mtaa wetu. Nyumba zote, kutoka kwa mshona viatu hadi kwa muuza maziwa, na yetu katikati yake, baraza linampa tajiri wa mbao aweke uwanja wa magogo. Kikao ni kesho kutwa asubuhi.

"Bwana Wino," akaita. "Njoo uone. Wanataka kutufukuza sote."

Wino alisoma, akasoma tena, akapandisha mikono ya shati. "Karani kasema nakala chache. Chache ni ngapi kwani? Kwangu mimi mia tano ni chache."

Wakaanza! Wino anavuta mkono wa mashine, mama anapaka wino kwa rola, karatasi zinatundikwa kwenye kamba. Lakini karani alirudi mapema. Alifungua mlango, akaona kamba zimejaa ghala zima matangazo yake, yanadondosha wino mbichi. Aliondoka, akarudi na askari na mkokoteni.

Wakachukua matangazo yote. Wakachukua kasha la dunia, herufi zake zote, hata zile zilizodondoka sakafuni ziliokotwa. Mashine waliisukuma, ikagoma kata kata. Kisha askari mmoja akalifikia kasha la dini. Akaona mnyororo. Akaona muhuri wa nyumba ya ibada. Alivua kofia, akarudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga mwenzake. "Hilo mimi siligusi," akasema. "Mama yangu atanilaani."

Wakatoka. Ghala likabaki na mashine, karatasi zisizochapwa, kamba tupu, na lile kasha.

Babu alikuwa mezani kwake muda wote, na karatasi zake za majaribio. Mama akamwendea, akapiga magoti mbele yake kabisa. "Baba. Nipe ufunguo."

"Ng'o."

"Baba, ni nyumba yetu. Kesho kutwa! Tutahamia wapi?"

"Niliapa mbele ya watu. Wewe ulikuwepo. Unataka niwe mzee wa kuapa na kuapua?"

"Mungu hawezi kukasirika kwa—"

"Usiniambie Mungu hawezi nini!" Babu aligonga meza. "Nyumba ni udongo. Kiapo nikikivunja nitakiunga na nini? Hata hivyo midomo ipo. Kabla ya hii mashine yenu habari hazikuwa zinafika? Nitaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba."

Akachukua fimbo yake, akatoka. Mama aliketi juu ya sanduku la karatasi, akalia kwa hasira. Alijua baba yake ni mtu wa neno lake, ndiyo maana alimpenda, na siku ile ndiyo maana alitamani kumtikisa kama tawi la mwembe. Wino hakuwa na mzaha hata mmoja wa kumpa.

Babu alianzia nyumba ya kwanza ya mtaa. Alisema maneno machache, yaliyonyooka, kama anavyoandika: baraza linataka kumpa tajiri wa mbao mtaa wetu, kupinga ni kesho kutwa asubuhi kwenye kikao, njooni wote. Akaenda ya pili, ya tatu. Lakini mtaa una miguu, bwana! Habari ilipomsikia anakuja ikamtangulia. Alipofika katikati, fundi cherehani alimkumbatia.

"Mzee, hongera! Nasikia tajiri wa mbao anatujengea nyumba mpya sote!"

"Nani kakwambia?"

"Wanasema. Kesho kutwa kila mtu akae nyumbani kwake aandikwe jina."

Babu akasahihisha, akaenda mbele. Nyumba mbili baadaye mlango ulifunguliwa kwa ufa tu. "Mzee, usiingie. Baraza limekataza watu kutoka mpaka kesho kutwa ipite. Kuna ugonjwa umeingia na magogo." Babu akasahihisha tena, jasho linamtoka. Aligeuka nyuma, na wale wa mwanzo, aliowaambia kwa kinywa chake mwenyewe, walikuwa wanapaka chokaa mbele ya nyumba ili mwandikaji wa majina azione nzuri! Mtaa mzima ulikuwa unajiandaa kukaa ndani siku ile ile ambayo kukaa ndani ni kukubali.

Hebu mfikirieni mtu yule. Mtu aliyechana ukurasa kwa neno moja. Maneno yake mwenyewe, aliyoyatoa safi, yanamrudia yakiwa na makosa kila mstari, na hayachaniki. Mama alisema babu alipoingia ghalani alikuwa ameisahau fimbo yake huko huko mtaani.

"Inuka," akamwambia mama. "Nawa mikono."

"Baba?"

"Nawa mikono, nimesema." Alikuwa ameshavua ufunguo. Aliukata muhuri kwa kisu cha karatasi, mnyororo ukaanguka. "Nyumba ningeiacha. Lakini uongo ule unaotembea mtaani nimeuanza mimi, na sina njia nyingine ya kuufuta."

"Na kiapo?"

"Kiapo ni changu, nitakibeba mwenyewe. Wewe panga."

Mama alipiga kigelegele! Alinawa, akaingiza mkono ndani ya kasha la dini, na vidole havikusita tena. Wakafanya kazi mpaka jua likazama, wakaendelea alfajiri. Na babu, pamoja na yote, hakukubali karatasi itoke kabla hajaisoma mara tatu. Wino alikuwa anaruka ruka, "Mzee, tutachelewa!" naye anajibu, "Kimya. Huko mtaani nimeona kosa likikimbia, sitalipa miguu tena."

Sasa herufi za dini hazikuwa kama zile nyingine. Zilikuwa kubwa, za mapambo, na herufi ya kwanza ina maua pembeni. Kwa hiyo tangazo la kuporwa ardhi lilitoka likiwa na sura ya sala. Mama alipoligawa mtaani na sokoni watu walilipokea kwa mikono miwili, wakavua kofia, wakasoma wakiwa wamesimama. Mzee mmoja alisoma mpaka mwisho, pale panapotajwa tajiri wa mbao na uwanja wa magogo, akasema, "Amina." Kisha akashtuka. "Amina ya nini? Hawa wanataka nyumba yangu!"

Kesho yake ilipofika, ukumbi wa baraza ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti hakuwa amezoea kuona watu pale zaidi ya karani na nzi. Alianza kusoma tangazo kwa ile sauti ya kusomea ndani ya tumbo, haraka haraka, nao wakafuata kila mmoja kwenye karatasi yake. Alipofika kwenye mstari wa wenye kupinga, akauruka. Ukumbi mzima ukausoma kwa pamoja, kwa sauti moja, mshona viatu juu ya wote: "Mwenye kupinga na asimame!" Na wakasimama. Waliokuwa madirishani wakasimama juu ya mawe. Tajiri wa mbao alitazama huku na huku akitafuta mlango, na mlangoni palikuwa na muuza maziwa.

Ardhi haikutolewa. Mtaa ulirudi nyumbani kwake kwa nyimbo, mama amebebwa juu juu, anapiga kelele ashushwe na hataki kushushwa. Kasha la dunia lilirudishwa, herufi zimechanganywa zote makusudi, na mama akazipanga upya huku anaimba, hakuona hata uchungu.

Lakini babu alilipa. Kiongozi wa dini alikuja nyumbani jioni ile ile. Hakufoka. Alisimama uani, akauliza, "Ni wewe uliyefungua?"

"Ni mimi."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu. Mtoto hana kosa."

Mzee yule alinyoosha kiganja, babu akaweka ufunguo. "Mimi nyumba yangu imo kwenye mtaa huu pia," kiongozi akasema, "na nakushukuru. Lakini kiapo ulikula mbele ya waumini, nami siwezi kukuweka mbele yao tena. Usije mpaka nikuite." Akatoka, na babu akabaki amesimama na kamba ya ufunguo shingoni, haina kitu.

Siku ya ibada ilipofika, babu alioga, akavaa nguo zake safi, kisha akakumbuka. Aliketi kwenye kigoda uani, na kile kitabu chake cha mkono mapajani. Mama alikuwa jikoni analia, safari hii si kwa hasira. Alisema hajawahi kuona mtu mpweke kama baba yake asubuhi ile, na mtaa mzima alioukoa umeenda kusali bila yeye.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mshona viatu, na kitabu chake kwapani. "Shikamoo mzee. Nimekuja kusali hapa, kama hapana ubaya." Hajakaa vizuri, ukagongwa tena. Muuza maziwa. Fundi cherehani na mkewe. Kisha haukugongwa tena, uliachwa wazi, wakaingia, wakaingia, wakajaa uani mpaka kwenye ngazi, na kila mmoja ana kitabu chake mkononi.

"Mimi si kiongozi," babu akasema. "Nimekatazwa. Sina ruhusa."

"Ruhusa ya nini?" Muuza maziwa alijaribu kunong'ona, wakamsikia mpaka barabarani. "Si tunasoma tu? Anza, mzee."

Babu akafungua kitabu chake, akaanza. Wakapotea. Huyu anafunua mbele, yule nyuma, "Yuko wapi? Mzee, uko wapi?" maana kitabu kilichoandikwa kwa mkono hakilingani kurasa na chochote duniani, hata na ndugu yake aliyeandikwa na mkono ule ule. Babu akasimama. Alikifunga polepole, akakiweka juu ya kigoda. Mama akaja kutoka jikoni, akampa chake, kile cha chapa. Babu alikuwa amevisoma vile vitabu kwa mamia akisaka makosa. Hakuwahi kusali kwa kimoja.

Akafunua. Akatazama juu ya ukurasa, pembeni, kisha akasema jambo ambalo mnukuzi hakuwa amewahi kulisema maishani mwake, kwa sababu halikuwa na maana kabla ya siku zile. "Fungueni ukurasa wa kumi na mbili."

Ua mzima ukafunua. Babu akainua macho, akawatazama mmoja mmoja, kidole bado kiko juu ya namba ya ukurasa, haanzi.

"Baba, vipi?" mama akauliza.

"Mko hapo wote?" akawauliza watu. "Pale pale?"

"Tupo!"

Ndipo akaanza.